Zege Katika Nchi ya Joto: Somo kwa Mwenye Nyumba na Mwenye Duka

Hapana mji wa joto katika Kenya, toka Mombasa na Malindi hata Garissa na Lodwar, usiokuwa na kazi ya zege. Mwenye nyumba hutaka sakafu na baraza. Mwenye duka hutaka ghala litakalostahimili mizigo. Mwenye hoteli hutaka orofa na tangi la maji. Mwenye gereji hutaka uwanja mgumu wa kusimamisha magari. Wote hulipa fedha nyingi, na wote hutazamia kazi hiyo idumu umri wa mtu. Lakini mara nyingi, kabla mwaka haujatimia, sakafu huonyesha nyufa, uso wake hutoa vumbi kila ufagiwapo, na pembe zake humeguka. Hapo mwenye mali humlaumu fundi, fundi huilaumu saruji, na muuza saruji hulilaumu jua.

Somo hili lina neno moja kubwa. Jambo linaloharibu zege katika nchi ya joto kuliko mengine ni maji kutumiwa kinyume: mengi mno wakati wa kuchanganya, na machache mno baada ya kumwaga. Msomaji akilishika neno hili ataweza kuisimamia kazi yake hata kama hakujifunza ufundi wa ujenzi, na ataweza kuagana na mkandarasi kwa maneno yaliyo wazi.

ZEGE HUWAJE NGUMU?

Zege ni mchanganyiko wa vitu vinne: saruji, ambayo wengi huiita simiti, na mchanga, na kokoto, na maji. Watu wengi hudhani kwamba mchanganyiko huo huwa mgumu kwa kukauka, kama udongo wa ukuta au nguo iliyoanikwa. Sivyo. Saruji ikikutana na maji huungana nayo, na katika muungano huo hutokea kitu kipya kigumu kinachoshikamanisha mchanga na kokoto. Kazi hiyo huendelea siku nyingi, nayo yahitaji maji muda wote. Maji yakiisha, kazi husimama, na zege hubaki na nguvu ile tu iliyokwisha kuipata. Ndiyo maana zege iliyomwagwa chini ya maji, kama ya nguzo za gati, huwa ngumu vizuri ingawa haikauki hata siku moja.

Wazee wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa waliyoichoma wenyewe, na nyumba za Lamu na magofu ya Gedi ni ushahidi wa ustadi wao. Chokaa hiyo huwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni iliyomo katika anga. Saruji tunayoitumia leo ni kitu kingine. Asili yake ni Uingereza, ambako mwaka 1824 mwashi mmoja wa mji wa Leeds, Joseph Aspdin, alipata hati ya serikali ya kumlinda katika uvumbuzi wake. Akaiita saruji ya Portland, kwa kuwa ilifanana na mawe ya mahali paitwapo Portland. Hapa Kenya, kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza kuitoa mwaka 1954, kikitumia mawe ya matumbawe ya jamii ile ile waliyoichoma wazee. Malighafi ni ndugu, lakini tabia zimetofautiana. Na atakaye kuitumia saruji hana budi kuijua tabia yake.

Jaribio dogo litamthibitishia msomaji jambo hili. Chukua makopo mawili matupu, uyajaze zege ya mchanganyiko mmoja. Kesho yake toa vibonge viwili. Kimoja kiweke juani. Cha pili kifunike gunia lililolowa, kivulini, nawe ulilowanishe gunia hilo kila siku kwa muda wa siku saba. Kisha ukwaruze vyote viwili kwa msumari. Cha juani kitatoa unga upesi. Cha gunia kitaukataa msumari. Saruji ni ile ile na fundi ni yule yule.

JUA NA UPEPO HUFANYA NINI?

Jua huidhuru zege kwa njia tatu.

Kwanza, hunyonya maji ya juu kabla ya zege kushika. Uso husinyaa na sehemu ya chini haijasinyaa, basi uso hupasuka nyufa ndogo ndogo, pengine saa moja au mbili tu baada ya kumwaga. Upepo mkavu huzidisha hatari hii kuliko hata joto lenyewe. Kwa hiyo fundi wa Lodwar, penye joto kali na upepo mkavu, ana kazi ngumu kuliko fundi wa Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi.

Pili, zege yenye joto hushika upesi. Fundi anayeisawazisha huona imeanza kukataa mwiko, naye huita: leteni maji! Maji hayo huirahisisha kazi yake, lakini huipunguza nguvu zege ya mwenye nyumba.

Tatu, zege iliyoanza maisha yake katika joto kali hupata nguvu haraka siku za mwanzo, lakini baada ya mwezi mmoja huwa dhaifu kuliko ile iliyoanza katika ubaridi. Mtu asidanganyike basi akiiona imekuwa ngumu siku ya pili, akadhani imekwisha komaa.

KIASI CHA MAJI

Mwaka 1918, mtaalamu mmoja wa Marekani, Duff Abrams, aliyefanya majaribio mengi mjini Chicago, alitangaza kanuni inayofuatwa hata leo: nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji na saruji. Vitu vingine vikiwa sawa, kila maji yanavyozidi, nguvu hupungua. Sababu yake yafahamika kwa urahisi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 wahitaji maji kama lita 20 tu kwa kuungana kwake. Yanayozidi hapo ni ya kulainisha mchanganyiko ili umwagike vizuri, nayo baadaye hutoka na kuacha vitundu visivyoonekana. Zege yenye vitundu vingi ni dhaifu, na maji ya mvua na chumvi hupenya ndani yake.

Kwa kazi za kawaida, maji yasizidi lita 25 hadi 27 kwa kila mfuko mmoja, yaani mtungi mmoja wa lita 20 na robo au theluthi ya mtungi wa pili. Mchanga ukiwa umelowa, punguza, kwa maana una maji yake tayari. Zege njema ikiwekwa chini kwa sepetu husimama kama rundo, ikatulia kidogo. Ikitambaa kama uji, maji yamezidi.

Vipimo vya desturi kwa sakafu ni saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Mfuko mmoja wa kilo 50 ni sawa na lita 35 hivi. Afadhali basi fundi atengeneze sanduku la mbao la ukubwa huo, apimie mchanga masanduku mawili na kokoto masanduku manne kwa kila mfuko. Kupima kwa sepetu hakufai, kwa maana sepetu ya asubuhi si sawa na sepetu ya jioni, mtu akiisha choka.

Tutoe mfano. Mwenye duka mjini Garissa ataka sakafu ya urefu wa mita 6, upana wa mita 5, na unene wa sentimita 10. Akizidisha, atapata mita 3 za ujazo. Kwa kipimo cha 1, 2, 4 atahitaji mifuko ya saruji kama 20, mchanga mita 1.4 za ujazo, na kokoto mita 2.8 za ujazo. Maji ya kuchanganya yatakuwa kama lita 500. Mwenye duka akiijua hesabu hii, ataweza kuhesabu mifuko mitupu jioni. Akiona 12 badala ya 20, hatahitaji mtu wa kumwambia lililotendeka.

Na mfuko wenyewe autazame kabla haujafunguliwa. Uwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya. Asome pia namba yake: 32.5 hutumika kwa kupiga lipu, kujengea kuta na kazi nyepesi; 42.5 ni ya nguzo, mihimili na dari za orofa. Saruji iliyofanya mabonge magumu imekwisha kunywa maji ghalani, haifai.

SIKU YA KUMWAGA

Katika nchi ya joto, saa njema ni alfajiri au jioni. Anayeanza saa nne asubuhi atamaliza jua likiwa utosini. Hata kabla ya siku hiyo, kokoto na mchanga viwekwe kivulini au vifunikwe, na kokoto zinyunyiziwe maji ili zipoe. Mapipa ya maji yasikae juani. Maji baridi ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kuipoza zege. Ardhi itakayopokea zege ilowanishwe, pasiwe na madimbwi, kwa kuwa ardhi kavu hunyonya maji ya zege kwa chini kama jua linyonyavyo kwa juu. Mbao za kuishikilia zege nazo zilowanishwe.

Watu wawe wa kutosha ili zege isimwagwe ikangoja. Iliyokwisha kushika kwenye karai au wilbaro itupwe; isirudishiwe maji, kwa maana kuilainisha si kuihuisha. Iliyomwagwa ishindiliwe vizuri ili hewa itoke, hasa pembeni na kwenye vyuma. Kisha isawazishwe, na mara tu uso wake ukipoteza mng'ao wa maji ifunikwe. Nyufa ndogo zikitokea ingali laini, fundi apitishe ubao wa kusawazishia tena kwa nguvu, zizibe palepale. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii ufa huzibwa kwa dakika chache au hauzibiki kamwe.

SIKU SABA ZA MAJI

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fundi amemaliza, amelipwa, amekwenda zake. Zege imebaki peke yake na jua. Yapasa ilowane kwa muda usiopungua siku saba. Zege iliyotunzwa vema hupata katika siku saba kama theluthi mbili za nguvu itakayokuwa nayo siku ya 28. Saruji nyingi za 32.5 huwa zimechanganywa na unga wa mawe ya volkeno, nazo hukomaa polepole zaidi. Kwa hizo siku 10 hadi 14 ni bora.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuzungushia sakafu tuta dogo la udongo na kuijaza maji ya kimo cha sentimita 3. Kwa sakafu ya mfano wetu, hayo ni lita 900, yaani mitungi 45, nayo huongezwa yakipungua. Ya pili ni kuifunika kwa magunia au mchanga na kuvilowanisha asubuhi, adhuhuri na jioni. Kulowanisha mara moja na kuacha vikauke ni vibaya, kwa maana zege inayolowa na kukauka kila siku hupasuka. Ya tatu ni kuilowanisha kisha kuifunika kwa karatasi ya plastiki iliyobanwa pembeni kwa mawe au mchanga, upepo usipite chini yake.

Katika miji ya ukame maji hununuliwa kwa mtungi, na mtu huona uchungu kuyamwaga sakafuni huku watoto wanayahitaji. Uchungu huo ni wa haki. Kwa ajili hiyo njia ya plastiki ndiyo ifaayo huko, kwa kuwa huyazuia maji yaliyomo tayari yasitoke, nayo yahitaji mitungi michache tu. Lakini mtu asiseme kwamba maji ni ghali, kwa hiyo ataacha. Mwenye duka aliyenunua mifuko 20 na kuiacha juani ameweka akiba ya mitungi michache, akapoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mifuko yake yote.

CHUMVI NA VYUMA

Mjenzi wa pwani ana adui mwingine. Mchanga wa ufuoni na maji ya bahari yana chumvi, na chumvi hula vyuma vilivyomo ndani ya zege. Chuma kikishika kutu huvimba, kikaipasua zege kutoka ndani. Basi ukaona vipande vinaanguka darini na nondo nyekundu zinatokeza. Kwa zege yenye vyuma tumia mchanga wa mto au wa machimbo, na maji yafaayo kunywa. Visima vingi vya pwani na vya nchi kavu vina maji ya chumvi, kionje kwanza. Na vyuma vifunikwe na zege ya unene wa kutosha: karibu na bahari, sentimita 4 hadi 5 kutoka kwenye chuma hata uso wa nje.

NAFASI YA KUTANUKA

Zege hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Sakafu ya nje yenye urefu wa mita 10, joto lake likibadilika kwa digrii 30, hubadilika urefu kwa milimita 3 hivi. Ni kidogo kwa macho, lakini kisipopata nafasi kitajitafutia yenyewe kwa kuipasua. Sakafu pia husinyaa inapokomaa. Kwa hiyo sakafu ya unene wa sentimita 10 igawanywe vipande visivyozidi mita 3 kila upande. Ile ya mwenye duka wetu itagawanywa vipande vinne vya mita 3 kwa mita 2.5, kwa mistari iliyokatwa kwenda chini robo ya unene. Ufa ukija utafuata mstari, wala hautaonekana. Na penye ukuta au nguzo iachwe nafasi nyembamba, ijazwe kitu laini.

KUAGANA NA MKANDARASI

Sakafu mbaya huvunjwa ikamwagwa tena. Lakini dari la orofa, nguzo na tangi la juu ni roho za watu. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la orofa lililosimama kando ya mto huko Huruma, Nairobi, bila idhini, lilianguka usiku wa mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 wakafa. Misiba ya namna hiyo huwa na sababu zaidi ya moja, lakini yote hutufundisha kwamba jengo ambalo watu watalala chini yake si la kukisia. Kazi ya vyuma na orofa ichorwe na mhandisi, ipate kibali cha kaunti, na ikaguliwe kabla ya zege kumwagwa, kwa maana baada ya kumwagwa hapana awezaye kuona vyuma.

Sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, inayoandikisha wakandarasi kwa madaraja, toka la 1 lililo kubwa hata la 8. Mwenye kazi ya biashara au ya orofa amtake mkandarasi aonyeshe cheti chake, na athibitishe jina hilo kwa Mamlaka yenyewe.

Kisha mapatano yaandikwe, hata kama fundi ni jirani. Yataje mambo haya:

1. Ukubwa na unene wa kazi, vipimo vya mchanganyiko, na namba ya saruji.
2. Nani ataleta maji, na kwamba hayatazidi lita 27 kwa mfuko.
3. Saa ya kuanza kumwaga, na idadi ya watu watakaokuwapo.
4. Nani ataitunza zege kwa maji, kwa njia gani, na kwa siku ngapi.
5. Mbao na nguzo zinazotegemeza dari zitaondolewa lini. Mhandisi ndiye wa kusema. Desturi ni siku 14 hadi 21, wala joto lisiwe sababu ya kuharakisha.
6. Malipo kwa hatua, na sehemu moja, mathalani ya kumi, ibaki mpaka siku za maji zimetimia na kazi imekaguliwa.

Jambo la nne ndilo husahauliwa, na ndilo kubwa. Fundi asipolipwa kwa utunzaji hatautunza, naye hana kosa, kwa kuwa hakuagizwa. Siku saba za kibarua mmoja wa kumwagia maji ni gharama ndogo kuliko kuvunja na kujenga upya. Kwa dari na nguzo, mtake pia mkandarasi ajaze vibonge vya zege vya sentimita 15 kila upande, vipelekwe kuvunjwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28. Namba zitakazotoka hazina ugomvi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini zege iliyo chini ya maji huwa ngumu?
2. Fundi akiomba maji zaidi kwa sababu zege imeanza kushika, utamjibu nini?
3. Chumba chako ni mita 4 kwa mita 3, na sakafu ni ya sentimita 10. Utahitaji mita ngapi za ujazo, na mifuko mingapi?
4. Maji yakiwa haba, utatumia njia gani kuitunza zege?
5. Katika mapatano yako ya mwisho na fundi, ni nani aliyetajwa kuwa mtunzaji wa zege kwa siku saba?

Jibu la swali la tatu ni mita 1.2 za ujazo na mifuko 8. Swali la tano kila mtu atajijibu mwenyewe, naye asiyeona jina lolote katika mapatano yake na aliandike kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa.